Ushuhuda wa Jicho la Baba

Yaya Espérance,

Jambo kwako na kwa batoto hapo kambini Dzaleka. Hapa Lilongwe, Area 25, ni baridi na manyunyu. Baba amekula matonge mawili tu ya nsima, ule ugali wa huku.

Leo tulipewa majibu ya yale maji waliyotoa kwa sindano ndani ya jicho lake. Daktari anasema jicho halikuwa linavimba tu, kama tulivyoambiwa mwaka mzima. Ni kansa ya chembe nyeupe za damu, wanaiita limfoma, nayo ndani ya jicho hujifanya uvimbe wa kawaida. Dawa ya matone iliituliza kwa muda tu, njo maana aliona vizuri kisha ukungu ukarudi machoni. Sasa watapima na kichwa, isije ikawa imefika kwenye ubongo.

Nilimtafsiria Baba yote. Akaniuliza, "Na ule ushuhuda nilitoa kanisani, kwamba Mungu aliniponyesha jicho? Nilidanganya bantu?"

"Hapana, Baba. Siku ile ulikuwa unaona."

"Basi bantu basiambiwe bado. Nitasimama mi mwenyewe, nibaambie."

Kwa hiyo nyamaza, Yaya, hata kwa mchungaji. Umwombee tu apate nguvu ya kusimama. Nawakumbatia wote.

Mdogo wako,
Furaha