Nyuzi mbili mbele ya kanon

Odette, mujukuu wangu,

Jambo sana kule mbali. Sisi huku Naviundu tuko bazima. Kambo Régine, muke wangu, anakusalimia; angali ananigombeza juu ya ile chemise, shati yangu ya zamani yenye pindo ya kufumuka, anataka kuishona.

Uliniuliza juu ya ile video: sababu gani mu vita ya leo bantu bangali banavuta na kamio, ile lori, kanon, muzinga ya kupiga tank yenye kunishinda miaka?

Ile kanon ninaijua. Nilipokuwa soda, askari kijana, nilichunga viseur yake, ile kioo ya kulengea. Mu safari tuliitoa, tukaibeba juu ya mapaja kama mutoto. Siku moja, mu njia ya Lukafu, nikafanya uvivu, nikaiacha palepale juu ya kanon. Mashimo ya barabara ikaipotosha, haikulenga tena sawa.

Nikangojea matusi. Chef wetu akavuta tu nyuzi mbili mu pindo ya ileile chemise yangu, akazibandika na graisse, mafuta ya mashini, kama musalaba, mu mudomo ya kanon. Akaenda nyuma, akachungulia mu katundu kadogo kenye kupenya mpaka mudomoni, akasogeza kanon mpaka musalaba ikakaa juu ya kichuguu ya mbali.

«Sasa geuza viseur yako, nayo ione kile kichuguu.»

Obus, risasi kubwa ya kanon, ya kwanza ikapasua kichuguu katikati.

Njo jibu yangu, Odette. Ile mashini inazeeka, lakini inakubali muntu aitengeneze na kile yeye eko nacho mukononi.

Ukipigia Kambo Régine telefone, umuambie aache ile sindano. Ile pindo haishonwe.

Kambo yako, Placide