Radhi Niliyoibeba hadi Paleoskala

Jumatatu, 12 Mei 2025. Barking, Uingereza.
Tangu juzi Mama hali ila vijiko vya uji. Leo ameniita, akafumbua jicho moja. "Kamwambie Muhsin radhi nimempa. Umwambie kwa mdomo wako." Muhsin ni mdogo wangu. Hakuja kumzika Baba, hakuja hata kwenye hitma; miaka kumi na moja sasa hatusemezani, na simu zetu hapokei. Anaishi Paleoskala, kijiji cha pwani ya Ugiriki, akitembeza watalii magofuni. Mimi nimesomesha historia ya kale miaka thelathini. Dada yetu Suad ameshakata tiketi. Nakwenda, lakini sikubaliani: radhi huombwa kwanza, ndipo ikatolewa. Huo ndio utaratibu.

Jumanne, 13 Mei. Paleoskala.
Kijiji hakifikii sifa zake. Migahawa saba, sanamu ileile ya plasta mara saba. Nguzo nne za hekalu — mbili ni za saruji, wala hakuna kibao kinachokiri. Bandari ya kale imezama. Juu yake vinaelea viboti vya watalii vya kukanyaga pedali, vyenye umbo la bata. Watu wameishi hapa miaka elfu mbili na mia sita, na matokeo ni bata.
Muhsin amenibusu mkono, kama tulivyolelewa. Amenenepa.
"Shikamoo, Kaka. Umekuja kutazama mawe au kunitazama mie?"
Nimejibu: mawe.

Jumatano, 14 Mei.
Nimefuatana na kundi lake. Waingereza kumi na wawili, kofia na raba. Makosa tisa. Ukuta wa Warumi kaufanya wa Wagiriki. Kisima cha maji ya mvua kakifanya jela ya binti mfalme. Kisha akadai pembe za ndovu za Zanzibar zilishushwa papo hapo, na nahodha alikuwa wa ukoo wetu. Nikainua mkono, nikasahihisha yote tisa, kwa mpangilio. Bibi mmoja akafunga daftari lake.
Muhsin akaniambia kwa Kiswahili, akitabasamu ili wageni wasijue: "Kaka, hawa wamekuja na kofia, hawakuja na mtihani. Niachie japo nguzo moja nile."
Alasiri Suad akapiga simu kutoka kwa Mama. Umeshamwambia? Nikasema ndiyo. Kwa hiyo kosa la kumi ni langu.

Alkhamisi, 15 Mei.
Makumbusho — chumba kimoja — yamefungwa. Mlinzi yuko harusini. Samaki wa mchana mkavu.
Nimemwuliza Muhsin, kwa upole kadiri niwezavyo, kama ana la kumwomba Mama.
"Ninalo," akasema. "Kinywa cha kuombea ndicho sina. Mtu hakumzika babaake, aseme nini?"
Jibu nilikuwa nalo. Nimelibeba tangu Barking. Nikamwambia saladi ina mafuta mengi mno.

Ijumaa, 16 Mei.
Saa nne asubuhi. Suad tena. Mama amekataa hata uji. Anauliza: kama Muhsin ameambiwa, mbona kimya? Anaamini mwanawe ameikataa radhi yake.
Nimepanda kilimani, simu mkononi. Muhsin yuko kwenye nguzo za saruji na kundi jingine. Nimeketi juu ya kichwa cha nguzo, cha karne ya nne, mtu amekiweka juu chini. Nimemwambia Suad asikate. Amwekee Mama simu sikioni. Yangu nimeilaza hapa jiweni, kando ya daftari.
Upepo. Muhsin amefika kwenye pembe za ndovu. Leo nahodha amekuwa babu mzaa babu. Simsahihishi.
Sauti ya Mama, nyembamba, wazi kabisa: "Huyo Muhsin. Mwongo yuleyule." Kisha: "Mwache amalize."
Wageni wanapiga makofi. Sasa anakuja huku, kofia mkononi, ameiona simu. Ananiuliza kwa ishara: nani? Nitaanza na lile kosa la kumi —