Mossie Tangney na hoja ya Baba

Sorcha dada yangu, uko? Niko garini nje ya ukumbi wa mkutano, nacheka peke yangu. Tangu tumzike Baba sijacheka hivi.

Unajua walichotaka wakubwa wa ligi: daraja la pili la mpira wa Kigaeli, huu wetu wa Ireland, lipunguzwe libaki na klabu kumi na mbili, na klabu yetu ya Cloonagarra ishuke daraja hata kabla ya kucheza. Nimekwenda kama mjumbe mahali pa Baba, nimevaa koti lake. Hoja yake ilikuwa bado mfukoni.

Nikasimama nikaisoma: klabu isishushwe kwa karatasi, ishuke itakayoshindwa uwanjani.

Mwenyekiti akauliza, "Nani anaunga mkono?"

Hakuna aliyeinua mkono. Bila mtu wa kuiunga mkono, hoja inakufa palepale. Nilikuwa nasikia birika la chai tu.

Akainuka Mossie Tangney wa klabu ya Dromalee, mahasimu wetu. Mossie, Sorcha. Yule aliyemnunia Baba miaka thelathini kwa sababu ya pointi moja ya Baba iliyowashinda Dromalee.

"Naunga mkono," akasema. "Marehemu angekuwa hai, ningepinga."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mossie, nakuambia! Tumeshinda kwa kura mbili.

Mlangoni nikamshukuru. Akasema, "Usinishukuru, binti. Ratiba mpya imebandikwa sasa hivi. Mechi ya kwanza ni sisi na ninyi. Na ile ya baba yako haikuwa pointi."

Nikamjibu kama Baba alivyomjibu siku zote: "Ilikuwa pointi, mzee."

Akalipangusa vumbi koti la Baba begani, akaenda zake.