Figo za Mwenye Wivu

Wodi ya wanawake, Lodwar,
Februari 2013

Kwa dada yangu mpenzi Naliaka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Natumaini u mzima, watoto hawajambo, na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi sijambo kidogo; usishtuke kuona neno wodi.

Unamkumbuka Adhar, yule mwalimu wa kike, Mdinka, anayefundisha na mume wangu kule Kakuma? Mrefu, shingo kama twiga, na akicheka hata mwalimu mkuu husahau alichotaka kusema. Mwezi uliopita walimu walianza kukimbia jioni, wakijitayarisha kwa mbio za shule. Joto likawashinda mmoja mmoja, wakabaki wawili: Kipngeno wangu na huyo Adhar. Panapofuka moshi hapakosi moto, dada. Nikanunua raba za kukimbilia.

Kipngeno alifurahi kweli, akasema sasa tutazeeka pamoja tukiwa na miguu mizuri. Adhar naye akanisihi ninywe maji kabla ya kuondoka, maana jua la huku hukausha hata mate. Sikunywa. Maji yangeniletea haja, haja ingenipeleka nyuma ya kichaka, na huko nisingewaona. Basi nilikimbia na kiu yangu kila jioni, katikati yao, nikijiona mshindi. Kichwa kiliuma, nikakaza. Mkojo ukawa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, nikafunga tena kamba za raba.

Juma lililopita nilianguka karibu na laga, ule mto mkavu wa mchanga. Daktari ameeleza kwamba jasho likitoka bila maji kurudi, damu ya kutosha haizifikii figo, na misuli iliyochoshwa humwaga uchafu ambao figo zenye kiu haziwezi kuuosha. Zangu zilikaribia kuzima. Zitapona, asema, ila nisiondoke kwenye dripu mpaka aridhike. Alipouliza kwa nini sikunywa, Kipngeno alinijibia kwamba niliogopa kuwa mzito. Nikamwacha aamini hivyo. Wewe tu ndiye unayejua.

Sasa lililonishikisha kalamu. Shule haingoji mgonjwa. Jana Kipngeno alirudi kazini, na Adhar, aliyekuja kunitazama akanilisha uji kwa mkono wake, akarudi naye kwenye gari hilo hilo. Mazoezi yanaendelea, na ni wao wawili tu. Wivu unaniuma kuliko sindano.

Nisalimie Mama na wote wanaoniulizia. Ukipata basi, njoo upesi. Lakini ukifika Lodwar usishuke, dada. Mimi nina manesi. Wewe pitiliza hadi Kakuma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sellah