Msichana wa Mbele ya Pazia

Tarehe 3 Juni. Leo miaka minne na miezi miwili tangu niondoke.

Binti yangu,

Hapa tunabeba zege. Wakati wa mapumziko fundi rangi hutuonyesha kwenye simu yake vijana wanaocheza zile dansi za kuiga wahusika wa gemu za video. Msichana mmoja anawashinda wote, utadhani hana mifupa. Wiki nzima nilimsifu: "Mzazi wake ana bahati." Jana nikaliona pazia nyuma yake, na kiraka nilichokishona mwenyewe. Kumbe ni wewe.

Fundi akacheka, "Mzee, mwanao humjui?"

Mama yako usimwambie kwamba sikukujua. Unacheza vizuri mno.

Narudi Desemba. Nikibisha hodi, wewe unitambue upesi.

Mimi baba yako