Papa Godefroid, Mlima Haukukuua

Mwaka umetimia, Papa, tangu simu ile ya Alhamisi asubuhi iliyosema umeanguka kwenye maegesho ya kazini, mlango wa gari ukiwa wazi na ufunguo mkononi. Mwaka mzima watu wanasimulia kifo chako, na wanakisimulia vibaya. Leo tunakisimulia sisi, watu wa nyumbani kwako, hapa Garland, ugenini tulikohamia.

Wewe ni Godefroid Mulonda, mume wa Fortunée, baba wa Orpa, Josué na Ushindi. Miaka tisa ulipanga maboksi ya kuku kwenye ghala la baridi, mahali ambapo ndevu zinashika barafu kabla saa ya kwanza haijaisha. Ulipenda kupiga mluzi ukiosha vyombo. Hukuanza kula hata siku moja kabla ya kuuliza nani bado hajala.

Ulikuwa na miaka hamsini na saba vijana wa kanisa walipokosa dereva wa kuwapeleka New Mexico kuteleza kwenye theluji. Ukaenda kama dereva. Wao walitetemeka, wewe ulishuka garini umevaa ovaroli yako ya ghala, unacheka. Mwalimu alikuwa anafundisha watoto wadogo kwenye kilima kifupi, ukaomba kuingia nao. Josué alikaa mbali kwa aibu.

"Papa, toka huko! Ni batoto ba miaka ine!"

"Na miye niko na siku moja tu," ukamjibu. "Hawa ni bakubwa zangu."

Kila mwaka ukarudi, na sisi pamoja nawe. Mbao zako za skii, zile za kufunga miguuni, ulizipata kwa mtu wa Plano, mji jirani, aliyekuwa anahama. Miezi ya joto ulizilaza chini ya kitanda, na jioni ulifanya mazoezi ya magoti kwenye korido, umeshika ukuta, Ushindi akikuhesabia. Orpa ulimfundisha mwenyewe. Yeye huogopa watu kuliko anavyoogopa mlima, kwa hiyo ulimpeleka asubuhi kabla watu hawajajaa, ukatangulia hatua chache, ukamwambia apinde goti na atazame anakokwenda, asitazame miguu.

Siku moja, kwenye kile kiti cha kamba kinachopandisha watu, alikuuliza kwa nini unapenda mchezo wa vijana. Ulimjibu mlipokaribia kufika juu.

"Milima yote ya kule kwetu Fizi nilipanda niko nabeba mutu. Wewe mwenyewe nilikubeba mugongoni siku ine, tuko nakimbia vita. Huu ndio mulima wa kwanza nateremuka mikono mitupu."

Ulishuka wa mwisho siku zote, polepole, ukikata kushoto na kulia. Ushindi akisimama chini anapiga kelele, "Papa, you're so slow!" Nawe unamjibu, "Acha nikuwe nyuma, niwaone bote." Mama alikaa kwenye jengo la chini na chupa ya chai, akiomba kila ulipopotea nyuma ya miti. Saa saba kamili ulivua mbao, hata jua likiwa zuri, hata tukikubembeleza ushuke mara moja zaidi. "Magoti imesema basi. Twende tukunywe chai." Misimu mitano ulicheza hivyo na wanao, na hukuumia hata kidole.

Ulikuwa mlimani mara ya mwisho Jumapili ya kwanza ya Februari. Jumatatu ukaingia kazini. Watu wawili walikuwa wameacha kazi, na msimamizi akakuomba uunganishe zamu mbili, wiki moja tu. Zikawa wiki mbili na nusu. Orpa alikupakulia chakula, ukasinzia na kijiko mkononi. Hospitalini daktari alimwuliza Mama ulikuwa ukilala saa ngapi. Mama akasema tatu. Daktari akatuambia mshipa wa kichwa ulipasuka, presha ilikuwa juu, mwili ulikuwa umechoka sana. Tulipomwuliza kuhusu theluji alitikisa kichwa: hapana.

Kwenye matanga, nyumba imejaa watu, kaka yako Florent aliyetoka Houston alisimama.

"Barafu ndiyo iliua mudogo wangu! Muzee wa miaka makumi sita na moja, kucheza kama mutoto! Na bibi yake anaangalia tu!"

"Kweli kabisa, mukubwa," mmoja akaitika.

"Nilisemaka miye," akadakia mwingine. "Hii michezo ni ya bazungu."

Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Walimtazama kana kwamba alikusukuma kwa mikono yake. Orpa alikuwa amesimama na trei ya vikombe. Alikuwa na jibu lote, zamu zako zote alizijua siku kwa siku. Badala yake akagawa chai. Alimpa hata baba mkubwa Florent, akamwongezea sukari. Hasira ya trei ile bado anayo.

Basi tuseme sasa. Ghala lililokuchosha miaka tisa, hakuna hata mtu mmoja aliyelitaja. Siku chache ulizocheka ndizo zilizobebeshwa lawama. Kwetu mtu akijimaliza kwa kazi anasifiwa. Akifurahi na watoto wake akiwa mzee, inakuwa kosa, na mkewe anaulizwa alikuwa wapi. Tumechoka na maneno hayo.

Nawe pia, Papa, tumekukasirikia. Mlimani ulijua kusema basi. Kwa nini kazini hukujua? Yule msimamizi ana umri wa Josué, na bado ulimwitikia "yes, boss" kila siku. Sisi tuliokulilia ulale, ulituambia kesho. Ungevua glavu kama ulivyovua mbao, leo ungekuwa jikoni unapiga mluzi. Tunakupenda, na hili bado hatujakusamehe.

Jumamosi hii baba mkubwa Florent amekodi ukumbi Houston kwa kuondoa matanga. Vitenge vyenye picha yako vimeshonwa. Ameagiza tuje na mbao zako zichomwe mbele ya ndugu wote, na watoto waape kutokanyaga theluji tena. Alipopiga simu, Mama aliweka sauti wazi.

"Bibi ya mudogo wangu, mutazileta, ao nitume mutu?"

"Shemeji, nakuheshimu sana," Mama akajibu. "Lakini siku ya Posho, hiyo Jumamosi, hatuko. Na hizo mbao ziko na kazi."

Akakata simu. Kisha akaingia chumbani, akatoa ovaroli yako kabatini, akaivaa juu ya gauni. Mikono imemfunika vidole. Ana miaka hamsini na nane na hajawahi kuteleza hata mara moja kwa kupenda. Viatu tutamkodishia vya saizi yake. Ovaroli amekataa kuivua.

Kwa hiyo Jumamosi tutakuwa kwenye kile kilima cha watoto. Orpa atatangulia hatua chache, amwambie Mama apinde goti. Josué atavaa mbao zako na kushuka wa mwisho, awaone wote. Saa saba tutavua, tunywe chai, na hakuna atakayekuwa amebaki chini kuomba peke yake.

Na ujue hili, Papa. Orpa naye sasa anapanga maboksi, kwenye ghala jingine. Wiki iliyopita msimamizi wake alitaka aunganishe zamu, Jumamosi hiyohiyo. Orpa akasema basi. Sauti haikutoka. Akarudia, ikasikika.

Tunaokukumbuka ni mkeo Fortunée na wanao Orpa, Josué na Ushindi. Jina la kaka yako Florent tunaliweka hapa pia, kwa kuwa ni damu yako; nafasi moja garini ipo, akitaka.

Hatutakusahau kamwe, Papa, wala hatutakubali ukumbukwe kwa uongo.