Maitu Mara Nne

Alhamisi, Julai. Kiganjo, Thika.

Baridi ya leo si ya kuchezea. Nimefungua studio nikiwa na sweta mbili na leso nimefunga chini ya kidevu kama mgonjwa wa meno, na mpaka sasa alasiri hajaja hata mtu mmoja wa picha ya pasipoti. Siwalaumu. Nani anataka uso wa Julai ukae naye kwenye vitambulisho miaka yote hiyo? Basi nina nafasi ya kuandika, na uchungu wa kuandikia upo.

Nianze na Jumapili, nisije nikajichanganya.

Ndung'u, kaka yangu mkubwa, alinipigia simu akasema anataka picha moja ndefu ya shamba letu la Ruiru, ionyeshe kila kitu kutoka getini hadi kule chini mtoni. "Ya kumbukumbu," alisema. "Si wewe ndiye fundi?" Nikavimba kichwa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ukimwita fundi anakwenda popote, na nauli anajilipia.

Picha ndefu ya aina hiyo haipigwi kwa mara moja. Unasimama mahali pamoja, unapiga kipande, unageuka kidogo, unapiga kingine kinachorudia nusu ya kile cha kwanza, hivyo hivyo mpaka shamba liishe. Kisha kompyuta inavishona viwe kitu kimoja. Wenye akili zao hutumia stendi ya miguu mitatu. Yangu ilikaliwa na mjomba wa bwana harusi kwenye arusi moja, ikavunjika, kwa hiyo nilitegemea mikono, magoti na maombi.

Maitu, yaani mama yetu, anaishi pale shambani peke yake na ng'ombe wake. Aliposikia kuna picha alinawa miguu, akafunga kitambaa cha kanisani. Nikamwambia asimame kwenye kahawa. Nikapiga. Nilipogeukia mti wa makadamia, nikamkuta ameshafika, ameushika shina. Nikageukia zizi, yuko na ng'ombe. Nikageukia nyumba, yuko mlangoni, anahema.

"Maitu, si utulie?"

"Nitulie vipi na wewe unahama? Ama unataka watu wafikiri hiyo makadamia ni ya jirani?"

Nilicheka tu, sikumweleza. Kwake yeye kila mlio wa kamera ni picha kamili, na kila alichopanda kinafaa kipigwe picha pamoja na mwenyewe.

Jumatatu nikakaa hapa studio kushona. Programu hutafuta alama zinazofanana kati ya kipande na kipande, na mistari ya kahawa inafanana yote kama watoto wa bweni, kwa hiyo mara ya kwanza ilinitupia bonde juu ya paa. Ikabidi niiongoze kwa mkono: kona ya tangi hapa ni kona ya tangi pale, nguzo ya stima ni hiyo hiyo nguzo ya stima. Upeo wa macho ulikuwa umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nikaunyoosha. Mwishowe shamba likafunguka lote.

Na Maitu yumo mara nne.

Kahawani, kwenye makadamia, zizini, mlangoni. Utafikiri ni mkutano wa chama na kila mmoja amekataa kuwa mweka hazina. Nilicheka mpaka mama wa mboga wa hapa nje akaja kuuliza kuna nini. Nikaituma kwa Ndung'u pamoja na vipande vyake vyote, nikingoja naye acheke.

Alipiga papo hapo.

"Imetoka safi, Shiku. Sasa toa Maitu."

"Nikuachie yupi?"

"Toa wote."

Nikamuuliza kumbukumbu ya shamba bila mama ni kumbukumbu ya nini. Akaanza na ile sauti yake ya mikutano. Broka amepata watu. Shamba litakatwa ploti. Mnunuzi akiona mama mzee kila kona atajua kuna mtu anaishi hapo, atahisi kuna kesi ya familia, atakimbia. Maitu atatafutiwa nyumba nzuri kule mtaa wa Kahawa Sukari. Ataambiwa baadaye, akishaiona nyumba.

Hati iko kwa jina la Ndung'u tangu Baba afariki. Tulikubali sote. Ndiye kifungua mimba, na ilikuwa rahisi hivyo.

Kumtoa mtu ni kazi ndogo kuliko unavyodhani. Unachukua brashi, unampaka rangi nyekundu, na programu inaelewa kwamba hapo pasitumike. Inachota nyasi kutoka kipande cha jirani ambacho hakuwemo. Angetulia mahali pamoja, angeonekana kwenye vipande vyote viwili na kumfuta kungekuwa kazi. Lakini alikimbia. Kila aliposimama, kuna kipande kingine ambacho hayupo.

Alijitahidi aonekane kila mahali, na ndicho kilichofanya awe rahisi kufutwa.

Ningependa kusema nilikataa mara moja. Nilichukua brashi. Nilimpaka yule wa zizini kutoka miguuni hadi magotini, kisha mkono ukanigomea. Nikaifuta ile nyekundu, nikamwambia Ndung'u atafute mtu mwingine.

Akampata. Ruiru haina uhaba wa watu wenye kompyuta. Jana picha ilikuwa kwenye ukurasa wa broka, nyasi tupu, anga safi, na juu yake maandishi ya manjano ya kuuza ploti.

Leo asubuhi Maitu alinipigia.

"Nimeona picha yetu kwa simu ya jirani. Alikuwa ameweka kidole juu ya maandishi, sijui ya nini. Lakini mimi sipo, Shiku. Nilisimama vibaya?"

Nimewapiga watu picha karibu maisha yangu yote. Wanaotoka vibaya huuliza hivyo hivyo, nami huwajibu kwamba ni kamera. Jibu hilo lilikuwa mdomoni tayari.

"Ulisimama vizuri," nikasema. "Ni Ndung'u amekutoa. Anauza shamba."

Hakulia. Nilimsikia akimfukuza kuku, akavuta kiti. Akauliza kama ile yenye yeye bado ninayo. Nikasema ninayo. Akauliza inaweza kuwa kubwa kiasi gani. Nikasema hata kiasi cha geti.

"Basi nichapie ya geti. Uifunge kwa nje, hao watu waione wakija."

"Niandike kwamba shamba haliuzwi?" Maana huku ndivyo watu hufanya, kwa rangi, ukuta mzima.

"Usiandike kitu. Wataniona."

Bango haliwezi kushinda hati. Hilo nalijua, na Ndung'u analijua kunishinda. Hata hivyo nimeshalichapisha, limekunjwa hapa mlangoni, na kesho sifungui studio. Nateremka Ruiru na waya na koleo.

Ndung'u atakuja kulichana, namjua. Ninachojiuliza ni kimoja tu: akishasimama pale getini mbele ya Maitu wote wanne, ataanza na yupi?